Nyumba Ambayo Mama Hakuitaka

Tuliondoka Marani kwa sababu baba alimkata ndugu yake vidole viwili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru, wakati watu wa kwetu walikuwa wameanza kupanda majani chai na kila hatua ya ardhi imekuwa jambo la kupigania. Baba mdogo alikuwa ameng'oa mikonge ya mpaka na kuipanda upya ndani ya migomba yetu. Baba alikuwa fundi wa mawe. Alirudi kutoka kazini na mfuko wake wa vyombo begani, akaiona mikonge, akaweka mfuko chini polepole. Mimi na mama tulikuwa tunachuma maharagwe. Baba mdogo alitoka kwake na jembe mkononi, baba akaingia ndani akatoka na panga. Jembe lilimpata baba begani kwanza, kisha panga likashuka kwenye mkono ulioshika mpini.

Nakumbuka kwamba baba mdogo hakulia. Alisimama akiuangalia mkono wake kama mtu aliyepotewa na kitu. Vidole vilikuwa kwenye maharagwe, na kuku akaanza kuvisogelea. Mama alimfukuza yule kuku kwa kanga yake, akaokota vile vidole, akavifunga kwenye jani la mgomba na kumpa mke wa baba mdogo. Kabla jua halijazama, wana wa baba mdogo walikuwa wameichoma nyumba yetu. Tuliokoa sufuria mbili, kitanda na mfuko wa vyombo vya baba.

Wazee walikaa siku tatu kwa chifu msaidizi. Walitaka neno hilo lisifike kwa polisi. Waliamua baba atoe ng'ombe, na aondoke Marani na watu wake mpaka damu ipoe. Mzee mmoja wa kanisa alituazima ghala lake la mahindi, akatuambia tutafute nyumba haraka, maana mahindi yalikuwa karibu kuvunwa.

Kabla sijasema tulivyotafuta, ni lazima niseme jambo lingine. Baba alikuwa akimpiga mama. Hakuwa mlevi. Tulikuwa Wasabato, na baba hakugusa hata chai, sembuse pombe. Alimpiga akiwa na akili zake timamu, kwa mkono uleule uliopanga mawe yakanyooka kuliko ya fundi yeyote wa eneo letu la Kitutu. Pale Marani, nyanya, mama yake baba, aliishi hatua kumi kutoka mlangoni kwetu. Baba alipoanza, nyanya alikuja akasimama nje na kukohoa. Alikohoa tu mpaka baba akaacha. Kwa hiyo tulipofukuzwa Marani, mama hakupoteza nyumba tu, ingawa wakati ule sikuyawaza hayo.

Tulitafuta siku za Jumapili, sote watano: baba mbele, mama na mtoto mchanga mgongoni, mimi nikimshika mkono mdogo wangu wa miaka minne.

Ya kwanza ilikuwa Nyamarambe. Tulifika huko kwa lori la mawe la tajiri wa baba. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka, sakafu ya saruji, na mwenye duka alikuwa mtu mpole aliyewapa watoto vipande vya sukari guru. Ilikuwa siku ya soko. Baba alikuwa akigonga ukuta kwa kidole na kuuliza umejengwa kwa nini, mara tukasikia kelele. Mtu alikuwa amekamatwa na baiskeli isiyo yake. Baba akamwambia mwenye duka, "Ngoja kidogo," akatoka.

Dirisha lilikuwa wazi na tuliona yote. Walimpiga yule mtu kwa mawe na kwa vibao vya masanduku ya matunda. Baba aliingia katikati yao kama mtu anayekwenda kusaidia kubeba mzigo. Nilimwona akiinua mguu na kuushusha, akiinua na kuushusha, bila hasira yoyote usoni. Mama alimfunika mdogo wangu macho. Mimi hakuna aliyenifunika. Kisha baba akarudi, matone ya damu yamemrukia kwenye suruali, akamgeukia mwenye duka na kuuliza, "Na maji mnachota wapi?"

Mwenye duka aliitazama ile suruali. Alisema mtoni, mwendo wa nusu saa. Njiani kurudi mama alisema mto ni mbali. Baba akakubali. Akaongeza kwamba mahali pale pana fujo, na hataki watoto wake wakulie penye fujo.

Ya pili ilikuwa Sironga. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa Nairobi alikuwa amejenga nyumba ya mawe katikati ya shamba lake la majani chai, na kaka yake alikuwa akitafuta mtu wa kuikaa isiharibike. Sijawahi kuona nyumba nzuri namna ile. Vyumba vitatu, madirisha ya vioo yenye nondo, tangi la maji ya mvua lenye mfereji wake wa kufungua na kufunga, jiko la nje, na nafasi ya kupanda sukuma na ndizi. Baba alizunguka akiigusa kona hii na ile. Alitoa pima maji lake, ubao wa kupimia usawa, kwenye mfuko wa vyombo, akaliweka juu ya kizingiti, akacheka kwa furaha. Kuta zilikuwa nene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Alisema aliyezijenga alikuwa fundi kweli, kwamba ndani ya nyumba hii hata radi huisikii.

Mama aliuliza majirani wako wapi. Kaka yake mwalimu akaonyesha moshi ng'ambo ya bonde.

Baba alipokwenda na yule mtu kuona choo, mama alinivuta kando. Aliniambia niende mpaka barabarani, nisimame pale, nihesabu mpaka mia, kisha nirudi. Nilidhani ni mchezo. Nilikwenda, nikasimama, nikahesabu. Ndege walilia kwenye majani chai. Niliporudi mama alikuwa amesimama katikati ya chumba cha ndani, milango yote imefungwa, jasho likimtoka usoni.

"Umesikia nilivyokuita?" aliuliza.

"Sikusikia kitu."

"Nimekuita kwa sauti yangu yote," alisema. Halafu akanipangusa matope miguuni.

Ya tatu ilikuwa mjini Kisii. Ilikuwa ploti ya mama mmoja mzee Mwislamu, mjane wa mfanyabiashara. Vyumba vilikuwa vimepangwa kuzunguka ua mmoja mdogo. Vya kwetu vingekuwa vyumba viwili vya katikati, vya mabati na mbao, na ukuta uliotutenga na majirani haukufika hata darini. Upande mmoja aliishi fundi cherehani kutoka pwani, na upande wa pili alikaa mama mwenye nyumba mwenyewe. Mfereji mmoja, choo kimoja, foleni asubuhi. Hakukuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Tulisikia mashine ya fundi ikikimbia kana kwamba iko juu ya mapaja yetu. Fundi alipiga chafya, na mama mwenye nyumba akamwombea afya kutoka upande wa pili.

Mama alisema, "Hapa ni pazuri."

Baba alimwangalia kana kwamba amepata wazimu.

Wiki ile walizungumza nyumba kila walipokaa kula. Mama alisema mjini shule iko karibu, hospitali iko karibu, na kazi za mawe ni nyingi kwa sababu watu wanajenga. Baba alisema Sironga kuna maji mlangoni na shamba la mboga, kodi ni kuitunza nyumba tu, na watoto watakua na hewa safi. Alisema hawezi kuishi kama kuku kizimbani, mtu akikaanga kitunguu ploti nzima inajua. Mama akasema kujuana si vibaya. Baba akauliza ana nini anachotaka watu wajue. Mama akaanza kukusanya vyombo. Ukimsikiliza baba, kila neno lake lilikuwa na maana, na mama alikuwa na sababu moja tu isiyoweza kutajwa. Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilitaka madirisha ya vioo. Baba aliponiuliza mbele ya mama ningependa wapi, nilisema Sironga.

Tulihamia Sironga kabla ya mavuno.

Kwa miezi miwili mambo yalikuwa mazuri. Baba alipata kazi ya kujenga madarasa upande wa Nyamira, akawa anarudi kwa miguu jioni akipiga mluzi. Alinichongea kiti. Halafu siku moja niliuacha mfereji wa tangi wazi. Nilikuwa nimechota maji ya kuosha vyombo, mdogo wangu akaanguka na kulia, nikakimbia na kusahau. Ilikuwa wakati wa ukame wa Januari, na tangi zima lilimwagikia kwenye mboga. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika siku hiyohiyo, lakini hayakusaidia neno. Baba alirudi mapema, saa nane mchana, kwa kuwa saruji ilikuwa imeisha. Aligonga tangi, likalia tupu.

"Nani ameacha mfereji?"

Nilifungua mdomo, na mama akasema, "Ni mimi."

Baba aliingia ndani akimsukuma mama mbele yake, akafunga mlango kwa komeo. Mimi, mdogo wangu na mtoto mchanga tulikuwa humo ndani pia. Mwanzoni alitumia mikono. Kisha mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na ilikuwa kana kwamba imempa ruhusa. Alichukua lile pima maji, ubao mrefu wa mti mgumu wenye kijichupa katikati, akampiga nalo begani. Nilisikia mfupa ukivunjika licha ya ile mvua. Mama alianguka juu ya kiti changu. Alimpiga tena mdomoni, na meno yakaruka. Nilimrukia baba mgongoni na kumng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Alinivua kama mtu anavyovua koti, akanitupa ukutani. Tangu siku hiyo sikio langu la kushoto halisikii vizuri.

Nililala pale chini nikitazama mlango. Baba alikuwa amenipa mgongo. Nilitambaa, nikavuta komeo, nikatoka.

Nilikimbia ndani ya majani chai huku mvua ya mawe ikinichapa kichwani. Bondeni kulikuwa na banda la kununulia majani, na wanawake wachumaji walikuwa wamejikinga humo. Nilipiga kelele lakini hawakusikia. Mabati yalikuwa yakinguruma. Nikamshika mkono mama mmoja mtu mzima na kumvuta. Alitazama gauni langu, akaona damu. Hakuuliza ya nani. Alivaa kikapu chake kichwani kama kofia, na wengine watano wakafanya vivyo hivyo, wakanifuata mlimani.

Baba alikuwa mlangoni tulipofika. Alisema kwa utulivu kwamba hayo ni mambo ya nyumba yake.

Yule mama mkubwa akajibu, "Hatukuja kwa mambo ya nyumba yako, mwanangu. Tumekuja kujikinga mvua."

Akampita. Wakaingia mmoja mmoja, wameloa, wakakaa sakafuni kumzunguka mama. Walijaza chumba chote. Mmoja alimchukua mtoto mchanga, mwingine akaanza kufuta damu kwa leso yake. Hakuna aliyemwangalia baba. Alikaa mlangoni na pima maji mkononi, hajui aliweke wapi. Mvua ilipokatika walimlaza mama juu ya kitanda, wakakibeba mabegani mpaka barabarani, tukapata gari la majani chai likatufikisha hospitali ya Kisii.

Alikaa huko wiki tatu. Mimi nilikaa naye nikimtunza mtoto, na mdogo wangu alichukuliwa na yule mama mchumaji. Ndugu wa kwao mama walikuja na uji na wakamsihi arudi kwa mumewe, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatumika kuwaoza kaka zake, hawangeweza kurudishwa. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Aliporuhusiwa kutoka, mkono umefungwa plasta, hakuelekea stendi. Tulitembea mpaka kwenye ile ploti.

Mama mwenye nyumba alikuwa akipembua mchele. Alimkumbuka. Alimwangalia mdomo, akamwangalia mkono, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sironga. Atakuja."

"Atakuja kwa wema au kwa ubaya?"

"Sijui, mama. Ndiyo sababu nataka vile vya katikati."

Yule mzee aliendelea kupembua kwa muda. Mwisho akasema vya katikati bado viko, na kodi mama atalipa akipata nguvu ya kufanya kazi.

Baba alikuja Jumapili ya pili. Wakati huo mdogo wangu alikuwa amerudishwa kwetu. Baba aliingia bila hodi, akamwambia mama afunge vitu. Mama akasema haendi. Baba akamshika ule mkono wenye plasta na kuupinda. Mama alipiga yowe, na mdogo wangu akaanza kulia, "Baba! Baba!"

Kwa Ekegusii, lugha yetu, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Mdogo wangu alikuwa akimlilia mama yake. Lakini fundi cherehani alikuwa mtu wa pwani. Alisikia mwanamke anapiga yowe na mtoto anamwita babake aje kumwokoa, akajua hakika kwamba ameingia mwizi. Aliruka ndani na pasi yake ya makaa, makaa yakimwagika, akampiga baba nayo usoni. Baba alianguka. Fundi akampiga tena mbavuni, na ngozi ya mkono wa baba ikaungua, harufu ikajaa chumba. Angempiga mara ya tatu kama mama mwenye nyumba hangefika na mchi na kuuliza huyu ni nani.

"Ni mume wangu," mama alisema.

Fundi aliweka pasi chini. "Nisamehe, bwana," alisema, akihema. "Nilidhani ni mwizi."

Ploti nzima ilikuwa mlangoni. Baba alikaa sakafuni, nyusi imepasuka, damu ikimwingia jichoni. Sijawahi kumwona baba akionekana mdogo namna ile. Mama mwenye nyumba alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, si kwa huruma wala kwa ukali. Akamwambia kwamba anaweza kuishi pale na mkewe akitaka, watu wanakaribishwa. Lakini humu kila kitu kinasikika, na wenye kusikia hawana kazi nyingine Jumapili.

Aliishi pale. Mwezi mmoja baadaye alihamisha kitanda kutoka Sironga, na kazi akaipata mjini kama mama alivyosema. Tulikaa pale miaka mingi. Sitasema alibadilika. Alijifunza kungoja. Alimpiga mama mara mbili zaidi, ninavyojua mimi, na zote zilikuwa Marani, tulipoanza kuruhusiwa kwenda kwa sikukuu, na nyanya alikuwa amekwisha fariki, hakuna wa kukohoa nje. Baada ya ile ya pili mama alikataa kukanyaga Marani tena.

Kisha baba na ndugu yake wakapatana. Wazee waliwakalisha, wakala pamoja, na baba mdogo akamshika baba mkono kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Baba akapewa sehemu yake ya shamba arudi kujenga. Alijenga nyumba ya mawe, nzuri kuliko ile ya Sironga, akatuma neno. Mama alikataa. Baba alimngoja mwaka mmoja, akaoa mwingine. Huyo alimzalia wana, na shamba likawa lao.

Mama alibaki katika vile vyumba viwili akiuza mboga sokoni. Mimi niliolewa karibu. Mdogo wangu alipofika miaka kumi na saba hivi alikwenda Marani kudai kipande chake. Baba alikuwa kazini. Wana wa baba mdogo walimkuta akipima kwa hatua kando ya migomba, wakadhani anasogeza mpaka, wakamtoa kwa mapanga. Alirudi Kisii akiwa amefunga kichwa kwa shati, damu imekauka mpaka kifuani.

Nilikuwepo. Mama alimketisha kwenye kiti, akamfungua shati polepole. Kidonda kilianzia kwenye nywele mpaka karibu na jicho.

"Ungekaa tu," mdogo wangu alisema. "Ungekaa na baba, leo ningekuwa na pa kujenga."

Mama alichovya kitambaa kwenye maji. "Ningekaa, shamba ungelipata," alisema. "Na kaburi langu lingekuwa ndani yake."

"Sikusema ukae mpaka ufe."

"Hukusema."

Alimfuta damu yote, akamfunga. Upande wa pili mashine ya fundi ilikuwa imesimama. Bila shaka alikuwa anasikia. Nilitaka kumwambia mdogo wangu kwamba aliyelia siku ile, akamleta fundi na pasi, alikuwa yeye. Sikumwambia, maana alikuwa na haki ya hasira yake. Mama alikuwa amelipia maisha yake kwa shamba la mwanawe, na hakumuuliza kwanza. Lakini mtoto ungemuulizaje jambo kama hilo?

Siku ya pili mdogo wangu aliondoka kwenda Kericho kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Hakuandika barua. Mwaka uliofuata alirudi bila taarifa, mchana, akiwa na kitanda kipya cha chuma kichwani. Alikiingiza chumbani kwa mama, akakiunga mwenyewe kwa spana, akakikalia kuona kama kinayumba. Kisha akamwuliza mama kama kuna chakula.